Umri wa Samaki Namba Tisa

Kila asubuhi ya likizo, jua likiwa bado limejificha nyuma ya mlima, Miwani na baba yake walikaa kwenye kibaraza cha jikoni, ndoo ikiwa katikati yao. Baba alipasua samaki, Miwani akawasafisha. Maji yalikuwa ya baridi kiasi kwamba vidole vilikufa ganzi, ukawa hujui kama umeshika samaki au umejishika mwenyewe.

Miwani alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu, mwalimu alipoita majina. Kwingine kote alikuwa Miwani, kwa sababu ya vioo vyake vinene kama kitako cha chupa ya soda.

"Haya, mtaalamu," baba alisema akimning'iniza trauti mmoja kwa mkia. "Huyu ana miaka mingapi?"

Miwani alimpima kwa jicho. Shubiri moja, basi. "Mitatu, baba. Ni katika wale walioletwa mara ya mwisho."

"Mitatu, na kichwa hiki? Hebu mtazame. Kichwa cha mwalimu mkuu, mwili wa mtoto wa chekechea."

Miwani alicheka mpaka vioo vikamteleza puani. Baba alicheka naye, lakini kicheko chake kilikatika mapema. Alimtupa yule samaki kwenye beseni, akapangusa kisu.

"Zamani samaki mmoja alitosha sufuria," alisema. "Sasa tunawapika sita, bado tunalamba mchuzi."

Ziwa lao lilikuwa juu kabisa mlimani, na tangu dunia iumbwe halikuwa na samaki wa kwake. Samaki wote waliletwa na watu. Mara ya kwanza lori lilileta vifaranga wa trauti miaka kumi na miwili iliyopita, mara ya pili miaka minane iliyopita, na mara ya tatu miaka mitatu iliyopita. Mwanzoni walinenepa wakawa kama mkono wa mtu mzima. Kisha mwaka hadi mwaka wakazidi kuwa vijiti.

Wavuvi walikuwa na maelezo yao. Mwenyekiti wao, mzee mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa bila kipaza sauti, aliyasema kila alipopata watu wawili wa kumsikiliza: "Wakubwa tumewamaliza! Hawa waliobaki ni watoto. Tuleteeni vifaranga wengine!"

Shangazi yake Miwani hakuwa na hakika hiyo. Yeye alifanya kazi katika kituo cha samaki, jengo la vyumba viwili kando ya ziwa, na kwa miaka kumi kazi yake ilikuwa moja: kujua umri wa samaki. Alikuwa na wasiwasi kwamba ziwa limejaa samaki kupita kiasi, chakula hakitoshi, na wale wanaoitwa watoto ni wazee waliodumaa. Kama ni hivyo, kuongeza vifaranga elfu kumi na mbili, kama wavuvi walivyotaka, kungekuwa sawa na kuwaalika wageni idadi hiyohiyo kwenye nyumba yenye sufuria moja.

Nani alikuwa sahihi? Jibu lilikuwa ndani ya vichwa vya samaki.

* * *

"Kwani samaki wana vyeti vya kuzaliwa?" aliuliza Redio, akiwa ameegemea dirisha la maabara. Redio alikuwa binti wa mwisho wa mwenyekiti wa wavuvi, anasoma darasa moja na Miwani, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kukuta kitufe cha kumzima.

"Wanavyo," Miwani alijibu kwa maringo. "Wanavibeba kichwani. Njoo uone."

Alimwonyesha kitu kidogo cheupe juu ya kidole, si kikubwa kuliko punje ya mchele iliyovunjika. Kilikuwa kijiwe cha sikio. Kila samaki anavyo vijiwe vya namna hiyo kichwani, cha kulia na cha kushoto, vya kumsaidia kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kijiwe hukua pamoja na mwenyewe. Miezi ya joto, chakula kikiwa kingi, hukua kwa upana. Miezi ya baridi hukua kidogo sana, na hapo hubaki mstari mwembamba. Joto moja na baridi moja ni pete moja, na pete moja ni mwaka mmoja, kama ilivyo kwenye shina la mti.

"Na wewe ndiye unayezihesabu?" Redio alikodoa macho.

"Mimi na shangazi."

Ilikuwa kweli, na hata Miwani mwenyewe alikuwa hajaizoea. Kanuni ya kituo ilitaka kila kijiwe kisomwe na watu wawili, kila mtu peke yake. Mwenzake shangazi alikuwa amekwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Miwani alikuwa amefundishwa likizo mbili mfululizo kwa vijiwe vya zamani ambavyo umri wake unajulikana, na katika jaribio la mwisho alipata kumi na saba kwa ishirini. Basi shangazi alimwomba mkuu wa kituo, na mkuu, baada ya kukuna kidevu kwa muda mrefu, akakubali.

"Ukikosea je?" Redio aliuliza. "Baba anasema lori liko tayari, linasubiri neno lenu tu. Ukikosea, watu wazima wote watasema: haya, tulimpa mtoto kazi ya watu! Utarudi kuosha vyombo, Miwani."

Alisema kwa mzaha, akaenda zake akiimba. Lakini yale maneno hayakuondoka naye.

Shangazi alikuwa na sharti moja alilolirudia kila asubuhi, akiwa anafungia daftari la urefu wa samaki ndani ya droo. "Anayesoma pete haruhusiwi kujua urefu, mwanangu. Hata mimi silifungui mpaka tumalize. Ukishajua kwamba samaki ni mdogo, jicho lako litaanza kutafuta pete chache. Na litaziona chache! Si kwa ubaya, ndivyo tulivyoumbwa."

"Abee, shangazi. Nimeelewa."

Jumatatu ilikwenda vizuri. Miwani alitoa kijiwe kwenye bahasha yake yenye namba, akakiweka kwenye kisahani cheusi, akadondoshea mafuta tone moja, akainamia hadubini. Ulimwengu mzima ukafunguka: kijiwe kilikuwa kama mwezi wenye mizunguko myeupe na myeusi. Moyo ulimdunda kwa furaha. Kila samaki alikuwa na hadithi yake na yeye alikuwa wa kwanza kuisoma!

Kisha akafika bahasha namba tisa.

Katikati pete zilikuwa wazi. Tatu, hazina ubishi. Lakini ukingoni mistari ilibanana kama watu kwenye foleni ya maji. Alihesabu akapata sita. Akahesabu tena akapata nane. Mara ya tatu akapata tano. Jasho lilimtoka, vioo vikafanya ukungu. Utarudi kuosha vyombo, Miwani.

Ndipo sauti ikaita nje. Nyavu mpya zilikuwa zimefika na shangazi alitakiwa kuzipokea. Alitoka haraka, na funguo akaziacha zinaning'inia kwenye droo.

Miwani aliziangalia. Akaangalia mlango. Nitaangalia moja tu, alijiambia. Alifungua droo, akafungua daftari, akapitisha kidole. Namba tisa: sentimita kumi na nane.

Kumi na nane! Huyo ni mtoto, ni katika wale walioletwa miaka mitatu iliyopita. Kwa nini alikuwa anajisumbua? Alirudi kwenye hadubini, na ajabu ni kwamba safari hii ile mistari ya ukingoni ilionekana kama vivuli tu. Akaandika: miaka mitatu. Akashusha pumzi.

Tatizo la kuangalia moja tu ni kwamba kuna namba kumi baada ya tisa. Nyavu zilikuwa nyingi, shangazi alichelewa, na Miwani alinakili urefu wa samaki wote arobaini kwenye kipande cha karatasi, akakificha ndani ya soksi. Jumanne na Jumatano alifanya kazi kwa kasi ya kushangaza. Samaki mfupi, mitatu. Samaki mrefu, minane. Vijiwe vyenyewe aliviangalia kwa adabu tu, kama mtu anayemsalimu jirani akiwa mbioni.

* * *

Alhamisi walilinganisha majibu. Shangazi alisoma ya kwake, Miwani akasoma ya kwake, na mkuu wa kituo alisimama mlangoni na simu mkononi. Alitakiwa kuwajibu wenye vifaranga kabla ya saa kumi jioni.

Walikubaliana kwenye vijiwe ishirini na kimoja. Vilivyobaki, kumi na tisa, walipishana vibaya. Pale Miwani aliposema mitatu, shangazi alisema mitano, sita, saba. Namba tisa shangazi aliandika tisa, na pembeni akaweka alama ya kuuliza.

"Kupishana mwaka mmoja ni kawaida," shangazi alisema polepole. "Miaka sita? Njoo, mwanangu. Nionyeshe pete zako tatu unaziona wapi."

Miwani alichukua sindano, akaonyesha. Moja, mbili, tatu. Akaishia hapo.

Shangazi aliinama kwenye hadubini. Alifumba jicho moja, akalifumba jingine, akalipangusa kwa ncha ya khanga. "Mimi naona nyingine huku ukingoni," alisema. "Au ni kivuli? Wewe huzioni kabisa?"

"Sizioni, shangazi."

Alisema. Likatoka. Na uso wa shangazi ulibadilika mbele yake kama taa iliyopunguzwa utambi.

"Basi ni mimi," shangazi alimwambia mkuu. "Mwenzangu naye ilimwanza hivihivi, akawa anaona mistari isiyokuwepo. Mtoto ana macho mapya, ameyajazia vioo, anaona hadi nywele ya mdudu. Mimi nimechoka. Wiki ijayo niruhusu niende kupimwa. Pengine imefika siku nikabidhi hii hadubini."

Mkuu alikuna kidevu. Kanuni ilikuwa wazi: kijiwe ambacho wasomaji wawili wamepishana mno hakiingii kwenye hesabu. Waliondoa vile kumi na tisa. Katika vilivyobaki, samaki wote walikuwa na miaka mitatu au minane. Yaani ni walewale walioletwa na lori, hakuna aliyezaliwa ziwani. Wakubwa wachache, watoto wengi. Mwenyekiti wa wavuvi alikuwa sahihi.

"Leteni," mkuu alisema kwenye simu. "Wote elfu kumi na mbili."

Jioni ile mezani Miwani hakugusa chakula. Alikuwa anamwona shangazi akipangusa jicho lisilo na ubaya wowote. Shangazi aliyemfundisha kushika kibano. Shangazi ambaye hakuwa na ugonjwa wowote ila uongo wa mpwa wake.

"Unaumwa?" baba aliuliza.

"Hapana, baba." Kwenye sahani yake samaki alikuwa amelala, kichwa kikubwa, mwili mwembamba. Kichwa cha mwalimu mkuu. Miwani alikitazama. Kichwa kile kilikuwa kimeendelea kukua miaka na miaka wakati mwili ukikosa chakula. Hata yeye sasa aliona. Huyu hakuwa mtoto hata kidogo!

* * *

Ijumaa, kabla kituo hakijafunguliwa, Miwani alikuwa amekaa kwenye ngazi. Shangazi alipofika, Miwani alisimama, akavua kiatu, akatoa kile kikaratasi kwenye soksi, akampa kwa mikono miwili.

"Shangazi, macho yako hayana kitu. Ni mimi. Nilifungua droo. Nilijua urefu wa wote. Na jana nilipokwambia sizioni zile pete... nilikuwa naziona."

Shangazi aliona kikaratasi kimejaa namba, akakikunja kabla hajazisoma. Hakupiga kelele. Miwani alitamani angepiga.

"Nilikaa jana nikijiuliza nitafanya kazi gani nikiwa kipofu," shangazi alisema. "Nilijaribu hata kumenya vitunguu huku nimefumba macho." Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa: "Namba tisa uliona pete ngapi, kabla hujafungua droo?"

"Sita. Kisha nane. Kisha tano."

"Nane!" Shangazi alishika mkono wake. "Kumbe zipo! Ingia ndani. Upesi! Lia baadaye."

Miwani hakujua kwamba mtu anaweza kukasirika na kufurahi kwa pamoja, lakini ndivyo shangazi alivyokuwa, akifungua makabati kwa vishindo. Kila samaki alikuwa amebakiziwa kijiwe kimoja cha akiba, na kwa vijiwe vigumu ilikuwepo njia ya mwisho: kukivunja katikati na kukipitisha motoni. Njia hiyo haina marudio. Ukizidisha sekunde moja, kijiwe kinakuwa majivu.

Shangazi aliwasha taa ndogo ya spiriti. Alikandamiza kijiwe namba tisa kwa kisu, kikakatika, tik, katikati kabisa. Alishika nusu moja kwa kibano, akaipitisha juu ya mwali. Ikabadilika rangi, ikawa manjano, ikawa kahawia.

"Toa, shangazi, toa!"

"Tulia, mama. Bado kidogo... hapo!"

Akaiweka chini ya hadubini, tone la mafuta, akaangalia, akajiondoa. "Anza wewe. Sahau urefu; mimi siujui wala sitaki kuujua."

Miwani aliinama, akapiga ukelele. Zile pete zilizokuwa vivuli sasa zilikuwa zimeungua zikawa mistari ya kahawia, nyembamba kama uzi wa kushonea, moja nyuma ya nyingine mpaka ukingoni kabisa. Alihesabu kwa ncha ya sindano. Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa lilelile.

"Tisa, shangazi. Tisa!"

"Tisa," shangazi alisema, na macho yake yaliyo mazima kabisa yalijaa machozi. "Sasa nikumbushe. Miaka tisa iliyopita lori lilileta vifaranga?"

Miwani alihesabu vidole. Miaka kumi na miwili. Miaka minane. Miaka mitatu. "Halikuleta."

"Basi huyu alitoka wapi?"

Walitazamana. Miwani aliruka kutoka kitini. "Alizaliwa hapahapa! Wanazaana, shangazi! Wanazaana wenyewe ziwani!"

Walivunja na kuchoma vyote kumi na tisa, bila kula, shangazi akisoma, Miwani akisoma, kila mtu na karatasi yake, mgongo kwa mgongo. Mitano. Sita. Saba. Tisa. Sita. Karibu wote walizaliwa miaka ambayo hakuna lori lililopanda mlima. Ziwa lilikuwa limejaa wazee wafupi wenye njaa.

Mkuu wa kituo alisikiliza yote, pamoja na habari ya soksi, akiwa amesahau hata kukuna kidevu. Alipiga simu. Akaiweka chini.

"Lori limeshaondoka," alisema. "Kesho asubuhi liko hapa."

* * *

Jumamosi ufuoni kulikuwa na watu utadhani kuna mechi. Lori lilikuwa limesimama na matangi yake manne, pampu ya hewa ikiguruma, na dereva akitembea huku na huko akitazama saa.

"Nawaambieni, nimebakiwa na hewa ya saa mbili," alisema. "Wakubwa, amueni. Hawa si mahindi."

"Wamwage hapa!" mwenyekiti wa wavuvi alinguruma. "Juzi kituo kilisema samaki wetu ni wa miaka mitatu. Leo kinasema ni wazee. Kesho mtasema ni ng'ombe?"

Wavuvi walicheka. Baba yake Miwani hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake. Shangazi alifungua kinywa ajibu, lakini Miwani alikuwa ameshasogea mbele.

"Mzee mwenyekiti, ile mitatu ni yangu mimi," alisema. "Nilichungulia urefu wa samaki, halafu nikaandika miaka ya kuendana nao. Nilimdanganya shangazi. Yeye alikuwa amehesabu sawasawa tangu mwanzo."

Redio alipenya umati, akaja kusimama karibu na Miwani. Mwenyekiti alimsogelea Miwani.

"Na leo nikuamini kwa nini?" aliuliza, si kwa ukali.

"Usiniamini, mzee. Njoo uhesabu mwenyewe."

Walimwingiza maabara. Alikunja mgongo wake mpana, akabandika jicho kwenye hadubini, akaanza kuhesabu kwa sauti iliyosikika mpaka nje, na umati ukaipokea kila namba. "Moja! Mbili! Tatu!..." Ilipofika saba, watu walikuwa wanapiga makofi. "Nane! Ngojeni... Tisa! Tisa, jamani! Huyu wa sentimita kumi na nane ana miaka tisa! Ni mkubwa kuliko punda wangu!"

Alitoka akijifuta jicho. Lakini hakuwa mtu wa kusalimu amri mara moja. "Sawa. Lakini miaka yote nimevua hapa, kifaranga aliyezaliwa hapa sijamwona hata mmoja. Wanazalia wapi, hewani?"

"Trauti hazalii ziwani penyewe," shangazi alijibu. "Hutafuta maji yanayotembea, yenye changarawe. Tuna kijito kimoja tu kinachoingia."

Redio alishapotea. Alirudi mbio kutoka kibanda cha chai na chujio mkononi. "Twendeni basi!"

Watu walikimbia wote, wazee kwa watoto, dereva akipiga kelele nyuma yao: "Saa moja na nusu!" Kijito kilikuwa upande wa pili wa mwamba, kidogo, cha kuruka kwa hatua mbili. Miwani na Redio waliingia mpaka magotini, maji yakawauma kama meno. Redio alizamisha chujio nyuma ya jiwe. Tupu. Akazamisha tena. Majani. Mara ya tatu aliliinua, wakagongana vichwa kuangalia.

Ndani ya chujio vilirukaruka vitu vitatu vyembamba kama sindano, macho makubwa, madoa madogo ubavuni.

"Trauti!" Miwani alipiga kelele. "Wa mwaka huu! Umri wao pete sifuri!"

Mwenyekiti aliinama, akawatazama, akawarudisha majini kwa kiganja chake kipana kwa upole ambao hakuna aliyeujua. Kisha akageuka, akavuta pumzi, na safari hii ile sauti ilikuwa na kazi ya maana.

"DEREVAAA! GEUZA LORI!"

Mkuu wa kituo alimwelekeza dereva kwenye ziwa jingine chini ya mlima, mwendo wa saa moja, lenye chakula tele na lisilo na hata samaki mmoja. Vifaranga elfu kumi na mbili waliingia humo wakiwa hai, na dereva alisema hewa iliyobaki kwenye tangi ingetosha kupuliza puto moja.

* * *

Jioni, shangazi na Miwani walikaa kwenye ngazi za kituo, miguu imenyooshwa.

"Kuanzia Jumatatu huhesabu tena," shangazi alisema.

Miwani aliinamisha kichwa. "Abee."

"Utarudi kwenye vile vijiwe ishirini vya mafunzo. Ukivimaliza kwa haki, tutaanza upya. Sijasema ukipata vyote. Nimesema kwa haki." Alimsogelea. "Sikiliza, mwanangu. Ungeniambia, 'Shangazi, nimehesabu mara tatu na nimepata majibu matatu, sijui,' ningefurahi. Ningejua kile kijiwe kina siri, ningekichoma siku ileile. 'Sijui' yako ingekuwa na faida kuliko majibu yako yote mazuri. Kukosea hakukuharibu kitu. Kilichoharibu ni kuficha, mpaka mimi nikaanza kuyatilia shaka macho yangu mwenyewe. Lakini ulirudi ukasema, tena mara mbili, na mara ya pili mbele ya watu wote. Hilo nalo nimeliona. Macho yangu ni mazima, si ulisema mwenyewe?"

Miwani alicheka na kulia kwa wakati mmoja, vioo vikaingia ukungu.

Mwaka ule kituo kiliwaruhusu wavuvi kutumia nyavu za matundu madogo kwa miezi michache, ili kupunguza msongamano. Mwenzake shangazi alirudi na macho mapya. Miwani alimaliza vijiwe vyake ishirini. Alipata kumi na sita, na pembeni ya vinne aliandika "sijui" kwa herufi kubwa. Shangazi alimrudishia kiti chake.

Likizo iliyofuata, asubuhi moja kwenye kibaraza cha jikoni, baba alitia mkono ndooni, akamwinua trauti mnene, mgongo umejaa, mkia unapiga.

"Hebu mwone huyu! Sasa kichwa na mwili wanafahamiana," alisema. "Haya, mtaalamu. Ana miaka mingapi?"

Miwani alimtazama yule samaki kutoka kichwani hadi mkiani. Akasukuma vioo vyake juu ya pua.

"Sijui, baba," alisema. "Bado sijaona kijiwe chake."